Nyumba ya Kimea ya Lusungi

Zawadi Stambuli alikuwa na kazi ya siku moja tu kule Lusungi: apande mlima, alitazame jengo bovu, apige picha, ashuke, kisha aandike ripoti ya kurasa mbili kwamba libomolewe. Alikuwa fundi sanifu wa majengo katika ofisi moja ya serikali mjini Morogoro, na ripoti za namna hiyo alikwisha kuandika nyingi. Barua ilisema jengo ni la wakati wa mkoloni, lina ufa mkubwa, na linahatarisha maisha ya watu wanaolitumia. Haikusema wanalitumia kwa kazi gani.

Aliyeuharibu mpango huo ni baba yake.

Mzee Stambuli alikuwa mwashi maisha yake yote. Miaka miwili nyuma alipata kiharusi, na tangu hapo alikuwa akiishi kwa Zawadi, mtaa wa Mafiga. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, ila mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia ubavuni kama wa mtu mwingine. Asubuhi ile ya mwezi wa tisa, dada aliyekuwa akiwasaidia kazi za nyumbani alikuwa amekwenda msibani Kilosa, na hapakuwa na mtu wa kubaki na mzee.

"Nitakaa na redio yangu," alisema Mzee Stambuli.

"Juzi ulikaa na redio, baba, ukasahau gesi wazi."

Mzee alichukua fimbo yake, akaenda kuketi kwenye kiti cha mbele cha gari la ofisi, akafunga mlango. Zawadi akakaa nyuma, na mafaili yake mapajani.

Gari lilipanda saa nzima, likaacha lami, likapita mashamba ya kabichi na migomba, mpaka barabara ilipokwisha kwenye uwanja wa kigango, kanisa dogo la mlimani. Kutoka pale ilibidi watembee, Zawadi akimshika baba yake kiwiko pale njia ilipokuwa na mawe. Walipopinda kilima cha mwisho, wakaliona.

Lilikuwa jengo refu la mawe, la ghorofa moja lakini fupi kwenda juu kuliko ghorofa yoyote aliyowahi kuiona, kama vile mtu ameliwekea mkono juu akalikandamiza. Madirisha yake yalikuwa madogo, yamepangwa kwa mistari miwili, hayana vioo. Yalizibwa na vibao vya mbao. Mwisho wa jengo palikuwa na mnara wa pembe nne, na paa lake lilichongoka kwenda juu kama pia iliyogeuzwa. Kileleni palikuwa na kofia ya bati, kubwa kama pipa, imeinama upande mmoja na kutu imeila.

Mzee Stambuli alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Zawadi kumwona akitazama kitu bila kukereka.

"Tumbaku," alisema. "Hapa walikuwa wanakausha tumbaku. Niliyaona ya namna hii Iringa."

"Tumbaku ya nani?" Sauti ilitoka ndani.

Mlangoni alitokea mwanamke mzee, mwembamba, amejifunga khanga mbili, miguu mitupu, na reki ya mbao mkononi. Alitoka ameinama, kisha akajinyoosha nje kidogo kidogo.

"Shikamoo, bibi," Zawadi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mimi ndiye Eufrazia. Na huyu anayepanda tumbaku Lusungi ni nani?"

"Ni baba yangu. Alikuwa mwashi."

"Basi aingie aone kabla hajasema," alisema Bibi Eufrazia, akageuka akainama tena.

Ndani ilibidi wote wainame. Boriti zilikuwa chini kiasi kwamba Zawadi, ambaye hakuwa mrefu, aliziona zikipita usawa wa nyusi zake. Macho yalipozoea giza, aliona sakafu yote, kutoka ukuta hadi ukuta, imetandazwa nafaka. Ilikuwa mtama, lakini mtama uliochipua, kila punje na kijizizi cheupe. Wanawake watatu walikuwa wakirudi kinyumenyume polepole, wakiugeuza kwa reki ili mizizi isishikane. Palinukia kama tango lililokatwa sasa hivi.

"Gusa," alisema Bibi Eufrazia.

Zawadi alichuchumaa akaingiza vidole. Nafaka ilikuwa na joto lake yenyewe, kama shingo ya mtoto aliyelala.

"Hiki ni kimea," alisema bibi. "Hapa hapajawahi kukauka jani moja la tumbaku."

Kisha akawatembeza, na Mzee Stambuli alifuata nyuma akigonga kuta kwa fimbo. Mwanzoni mwa jengo palikuwa na birika la mawe lenye kina cha kiuno, ambamo nafaka hulowekwa siku mbili. Kutoka birikani huja sakafuni, chini au juu ghorofani, na hukaa siku tano ikigeuzwa asubuhi, mchana na jioni. Vile vidirisha ndivyo vilivyofanya kazi kubwa: ukifungua viwili upande wa bonde na kimoja upande wa mlima, kimea hupoa, ukivifunga vyote, hupata joto na kukimbilia kuota. Dari ilikuwa chini kwa sababu nafaka haihitaji urefu, inahitaji hewa tulivu yenye unyevu, isiyopotea juu. Na mwisho kabisa, ndani ya mnara, palikuwa na tanuri: jiko la mawe chini, na juu yake, kimo cha watu wawili, sakafu ya vigae vyenye matundu madogo madogo. Kimea kilitakiwa kulala pale juu, moto uwake chini, joto lipite matunduni, na mvuke utokee kwenye ile kofia ya bati, ambayo zamani ilikuwa ikizunguka yenyewe ili kuupa upepo mgongo.

"Sasa haizunguki," alisema Bibi Eufrazia. "Tangu nikiwa mtoto haizunguki. Tunaanika juani. Masika yakija, kinaota ukungu tunamwaga."

"Nani alijenga?" aliuliza Mzee Stambuli. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Bibi aliketi kwenye ukingo wa birika. Alisema Mwingereza alifika baada ya vita kuu ya pili, mtu mrefu, mwekundu, ambaye jina lake lilishindikana midomoni mwa watu, wakamwita Bwana Shayiri. Kwao, babu na baba wa babu walikuwa watu wa kimea. Walikuwa na nyumba kama hii, ya miaka mingi sana, kando ya mto fulani wa Uingereza. Alikuja na michoro yake ndani ya mkebe wa bati. Aliona baridi ya Uluguru na ukungu wake, akadhani amefika kwao. Akataka apande shayiri mlimani, aifanye kimea, auze kwa watengeneza bia wa Dar es Salaam.

"Alijenga ileile ya babu yake, futi kwa futi. Baba yangu alikuwa mmoja wa wageuzaji. Alisema Bwana Shayiri alijigonga kichwa kwenye boriti ile pale kila siku ya Mungu, akatukana kwa lugha yake, na hakuipandisha. Ya babu yake ilikuwa hapohapo."

"Na shayiri?"

"Shayiri ilioza shambani. Misimu mitano. Ukungu wetu si ukungu wa kwao. Ulipofika mwaka wa hamsini na tano, wa ghasia za kupinga kulimishwa matuta, alikwisha kuondoka. Ardhi ikarudi kwa ukoo wa mama yangu. Mama ndiye aliyesema, nyumba imejengwa kwa ajili ya kimea, haikuambiwa kimea cha nini. Akanunua mtama, akaumwaga birikani. Siku hizi tunauleta kutoka Dumila. Uji wa watoto wote wa bonde hili unatoka hapa, na togwa ya harusi zote."

Mmoja wa wale wanawake, Magdalena, mpwa wa bibi, alileta togwa katika vikombe vya plastiki. Alisita mbele ya Mzee Stambuli, akatazama kofia yake ya msikitini. "Mzee, hii ni ya leo asubuhi. Haijachacha hata kidogo."

"Lete, mwanangu," alisema mzee, akanywa kikombe chote kwa mkono wa kushoto.

Kisha Zawadi akafanya kazi iliyomleta. Ufa ulikuwa upande wa mlima, ulianzia chini ya kona ya mnara ukapanda kwa mshazari mpaka karibu na paa. Kiganja chake kiliingia. Alitundika timazi, ukuta ulikuwa umetoka nje kwa upana wa vidole vitatu. Alipiga picha, akaandika vipimo. Alipogeuka, Bibi Eufrazia alikuwa amesimama nyuma yake na reki.

"Umelionaje, mwanangu?"

Zawadi alirudisha timazi mfukoni bila kumtazama. Bibi aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani kugeuza kimea, maana saa yake ilikuwa imefika.

"Utaandika libomolewe," alisema Mzee Stambuli.

"Baba, umeuona ule ufa. Hapa wanaingia akina mama kila siku."

"Nimeuona. Nimeona pia nani kaupasua." Alikwangua ukuta kwa ncha ya fimbo. Tabaka la juu lilikuwa plasta ya sementi, ya kijivu, ngumu. Bibi alikwisha kuwaambia kwamba mradi mmoja uliipaka miaka ishirini nyuma, ukapiga picha na kuondoka. Chini ya sementi mawe yalikuwa yamelowa, na chokaa ya zamani ilitoka kama unga wa ugali uliotiwa maji. "Nyumba hii imejengwa kwa chokaa. Chokaa inapumua. Wameifunga mdomo kwa sementi, na huku nyuma mlima umejaza udongo mpaka kiunoni. Maji yaende wapi? Yanakaa ukutani. Nyinyi shuleni mmefundishwa sementi tu."

"Umejuaje nilichofundishwa?" Zawadi alisema. "Hujawahi kuuliza hata siku moja."

Maneno yalitoka kabla hajayapima. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mbili alimfuata baba yake kazini akiomba ashike mwiko, naye alimwambia kazi ya uashi si ya mtoto wa kike. Alikwenda chuo cha ufundi Arusha kwa ubishi na kwa nauli ya mama yake. Siku ya mahafali mama alikuja peke yake, akasema baba ana homa. Miaka kumi na minane hawakuwahi kulizungumza.

Mzee Stambuli alitazama bondeni. Baadaye alisema, "Nitafutie kioo."

"Kioo cha nini?"

"Ukuta unaotembea huvunja kioo. Ukuta uliosimama hauvunji. Tuone huu unatembea au umechoka tu."

Bibi Eufrazia alitoa vipande vya kioo vilivyobaki siku dirisha la kigango lilipovunjika. Zawadi alikata vitatu, virefu kama rula, na kwa maelekezo ya baba yake akavibandika juu ya ufa, mwanzo, katikati na juu, kila ncha imeshikwa na bonge la sementi. "Hapa sementi inafaa," mzee alisema, "kwa sababu haijui kuinama."

Mjini, mkuu wake alisoma barua yake ya kuomba muda mpaka vuli ipite, akaguna, akatia saini. Akasema Januari ndiyo mwisho.

Kuanzia hapo Jumamosi zao zikawa za Lusungi. Mwenyekiti wa kijiji, Emmanuel, aliita watu na majembe, wakaanza kuuondoa ule udongo ulioegemea ukuta. Mzee Stambuli aliketi kwenye kigoda akitoa amri. Alikuwa na hasira za fundi: aligombeza watu wazima, aliwaita wavivu, kisha akawagawia ndizi alizopewa yeye. Jumamosi ya tatu, kimo cha kiuno chini ya ardhi, jembe la Emmanuel liligonga jiwe lililochongwa. Ulikuwa mtaro wa mawe, mzuri, umezunguka jengo lote upande wa mlima. Bwana Shayiri alijua maji yatatoka wapi. Waliokuja baada yake ndio waliosahau. Walipouzibua kona ya kwanza, maji meusi yalitiririka mchana kutwa.

Bibi Eufrazia alikuja kuyatazama maji yale. "Baba yangu alisema kuna mfereji," alisema taratibu. "Nilidhani uzee unamsemesha."

"Wewe na mimi nani mkubwa?" aliuliza Mzee Stambuli ghafla.

"Mimi nilizaliwa mwaka ukuta huu ulipoanza. Arobaini na nane."

"Mimi hamsini na mbili."

"Basi una deni la shikamoo nyingi, fundi."

Akacheka mzee yule. Zawadi, aliyekuwa akipima mtaro kwa futi kamba, aliinua kichwa kuhakikisha ni yeye.

Mvua za vuli zilikuja mapema na kwa nguvu, mtaro ukiwa umebakiza kona ya mnara. Barabara ikakatika. Mvua ilinyesha wiki tano, na barabara haikutengenezwa mpaka Januari. Nyumbani Mafiga mvua ikipiga bati, baba na binti waliacha kula wakatazamana, kila mmoja akijua mwenzake anafikiria nini. Wakati mwingine Zawadi alitoa michoro aliyoanza kuichora ya jengo lile, na baba yake akamwonyesha alipokosea unene wa ukuta. Siku moja aliuliza, "Hiki kipimo mnakiitaje chuoni?" Zawadi akamwambia. Akauliza na jingine, na jingine tena, mpaka chai ikapoa.

Katikati ya Januari gari lilipita. Zawadi alifika ukutani kabla ya baba yake. Kioo cha katikati kilikuwa kizima. Cha juu kizima. Cha chini, kwenye kona ya mnara, kilikuwa vipande viwili.

Alisimama pale na faili kifuani. Hakuna namna ya kuandika ripoti nyingine juu ya kioo kilichovunjika. Alimsikia baba yake akija, fimbo na mguu, fimbo na mguu, na hakutaka kugeuka.

Mzee alitazama. Akapitisha kidole kwenye mvunjiko. "Bibi yuko wapi?"

Bibi Eufrazia alitoka ndani. "Kile kilivunjika wiki ya kwanza ya mvua," alisema, "bado Emmanuel hajamaliza kuchimba hapo. Walikuja wakamaliza huku wamelowa, siku ya pili yake. Kisha mimi nikabandika kingine."

"Kingine wapi?"

"Chini, nyuma ya majani. Mbuzi wasikione."

Zawadi alipiga magoti, akapekua majani. Shubiri moja chini ya kile kilichovunjika, palikuwa na kipande cha kioo kimebandikwa na mabonge ya sementi manene kupita kiasi, yenye alama za vidole. Kilikuwa kizima. Mvua za wiki nne zilikuwa zimepita juu yake na hakikuwa na hata mstari.

"Umesimama," alisema Mzee Stambuli. "Ulikuwa umechoka tu."

Zawadi alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akapiga picha ya kioo cha Bibi Eufrazia mara tatu.

Ripoti yake ilikuwa ya kurasa kumi na moja, na michoro. Ilisema jengo linarekebishika na ikaeleza jinsi. Mkuu wake aliisoma siku mbili, akauliza maswali mengi, akapeleka juu. Jibu lilirudi: wananchi wakiwa tayari kufanya kazi wenyewe, Zawadi asimamie.

Chokaa walikwisha kuiloweka shimoni mwezi mzima, kwa amri ya mzee. Vijana walibandua sementi yote ya ukuta wa mlima. Mtu wa bati kutoka mjini aliishusha ile kofia ya mnara, akaibadilisha mhimili, akaitia grisi. Kilichobaki kilikuwa kuziba ufa na kupaka ukuta.

Asubuhi ya Jumamosi ya kupaka, Zawadi alichelewa kushusha vitu garini, na alipofika nyuma ya jengo alimkuta baba yake peke yake. Alikuwa ameufunga mwiko kwenye kiganja cha kulia kwa kipande cha khanga. Alichota chokaa, akainua mkono ule kwa msaada wa mkono wa kushoto, akarusha. Chokaa ilianguka miguuni pake. Akachota tena. Ikaanguka. Mara ya tatu mkono haukufika hata usawa wa kifua, na mzee akasimama hivyohivyo, paji la uso limeegemea mawe.

Zawadi alisogea. Alikifungua kile kipande cha khanga, fundo kwa fundo.

"Nipe, baba."

"Utaweza?"

"Nifundishe."

Ndani reki zilikwaruza sakafu. Kisha mzee alihamia nyuma yake, akaweka kiganja cha kushoto chini ya kiwiko cha binti yake.

"Usisukume. Unarusha. Inatoka hapa kwenye kiwiko, siyo begani. Mawe uyaloweshe kwanza, yana kiu yatainyonya. Haya."

Ya kwanza nusu ilimwangukia kifuani. "Tena," alisema mzee. Ya pili ikashika. "Tena." Hakumgombeza hata mara moja, yeye aliyemgombeza kila mtu Lusungi. Kufikia adhuhuri walikuwa na kipande cha ukuta mweupe kikubwa kama mlango. Mzee aliswali pembeni, akarudi, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Imekaa," alisema.

Magdalena na wenzake walikuja kutazama, wakaomba nao. Wiki tatu baadaye ukuta wote ulikuwa umepakwa na wanawake saba na fundi sanifu mmoja, na mzee mmoja aliyekuwa akipita nyuma yao akisema kiwiko, kiwiko.

Tanuri liliwashwa Machi, masika yalipoanza, siku ya mvua nyepesi isiyokatika. Bibi Eufrazia ndiye aliyewasha. Kimea kilikuwa kimetandazwa juu ya vigae, unene wa shubiri. Kwa nusu saa moshi ulirudi chini, wote wakakohoa, na Mzee Stambuli akatukana vigae, bati na Waingereza. Kisha upepo ukapita bondeni, ile kofia ya bati ikalia, ikageuka polepole, ikaupa upepo mgongo, na mvuke mweupe ukapanda kileleni. Watu waliokuwa mashambani waliuona, wakaja na magunia vichwani kujikinga mvua. Kulikuwa na harufu ambayo hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuinusa pale isipokuwa mtu mmoja: ya mkate, ya karanga, ya majani makavu. Bibi Eufrazia alikuwa ameketi ngazini, amefunika mdomo kwa khanga, machozi yanamtoka bila sauti. Magdalena alikwenda akakaa naye.

Moto ulitakiwa kulindwa mpaka jioni. Zawadi na baba yake waliketi kwenye magogo mbele ya jiko, wakitia kuni nyembamba moja moja.

"Siku ya mahafali yako," alisema Mzee Stambuli, "nilifika stendi ya Msamvu."

Zawadi alibaki na ukuni mkononi.

"Basi la alfajiri la Arusha. Mama yako alitangulia siku moja kabla, mimi nilikuwa nimalizie kazi ya mtu. Nilikuwa na tiketi. Nilivaa koti la marehemu kaka yangu. Nikakaa pale kusubiri, nikajiangalia mikono. Nilikuwa nimeisugua kwa jiwe na sabuni, lakini chokaa ikishaingia kwenye kucha haitoki. Nikasema, nitaingiaje kwenye ukumbi ule wa wasomi, tena mimi ndiye niliyemwambia hawezi? Watu wakapanda. Basi likaondoka nimekaa."

"Mama alisema una homa."

"Nilimpigia, nikamwambia hivyo."

Moto ulikuwa umeshika vizuri. Juu yao kimea kilikuwa kikipasuka taratibu.

"Miaka yote hii nilijua hukutaka," alisema Zawadi.

"Nilitaka. Nilitaka sana. Niliona aibu, mama, na aibu ikikaa muda mrefu inageuka ukali. Sikujua pa kuanzia."

Zawadi aliutia ule ukuni motoni. Alinyoosha vidole vyake mbele ya mwanga, akavitazama. Kila ukucha ulikuwa na mstari mweupe.

"Na zangu sasa hazitoki," alisema.

Baba yake akauchukua mkono ule akaukagua kucha kwa kucha, kama anayekagua kazi. Hakuuachia. Zawadi aliegemeza kichwa kwenye bega lake la kulia, lile bovu, na wakakaa hivyo mpaka Bibi Eufrazia alipokuja kusema moto umepungua na wao wanasinzia.

Jioni, gari lilipokuwa likisubiri kigangoni, Mzee Stambuli alisema hashuki. Emmanuel alikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu. Upande wa bonde wa jengo ulikuwa bado na sementi, na akina mama walikuwa wamekwisha kuloweka chokaa nyingine. Alisema dawa zake ziko mfukoni, za mwezi mzima. Alikuwa amezifungasha tangu asubuhi.

"Na nani atakupikia?"

"Nimeulizwa swali hilo," alisema mzee, akamtazama Magdalena, aliyekuwa akicheka. "Limejibiwa."

Zawadi alitafuta sababu ya kukataa. Alimtazama baba yake: viatu vimejaa tope, kofia ina majivu, na amesimama wima. Hakuipata.

"Nitakuja Jumamosi," alisema.

"Njoo na mwiko mdogo, wa kumalizia kona. Uko chini ya kitanda changu, ndani ya boksi. Uchukue, ni wako."

Zawadi alishuka njia peke yake, mvua ikiwa imekatika, akikanyaga kwa uangalifu kwa sababu udongo ulikuwa unateleza. Dereva alimfungulia mlango wa mbele. Kabla ya kupanda aligeuka. Mvuke ulikuwa bado unatoka mnarani, mwembamba sasa, ukielekea bondeni, na kutoka huko juu alisikia sauti ya baba yake ikimgombeza mtu.